Virusi havionekani kwenye damu, sawa, ila kichwani je?

Kipimo kikisema virusi vya ukimwi (VVU) havionekani wengi tunasikia "vimeisha", na hapo ndo mkanganyiko wote unapoanzia. Havijaisha. Kile kipimo kinahesabu virusi vinavyoelea kwenye damu, basi, hakichunguzi tezi wala utumbo wala ubongo. Leo nataka tuongelee ubongo, maana natumia ARV, zile dawa za kufubaza VVU, miaka mingi sasa na kuna kipindi kichwa kilianza kunichezea, nasahau majina ya watu ninaowajua kabisa, nasoma ukurasa narudia hauingii, naanza kuongea katikati naulizana na nafsi yangu hivi nilikuwa nasema nini. Nikaanza kusoma na kuuliza kila mtaalamu niliyekutana naye.

Kwanza tuondoe hii dhana kwamba VVU vinafika kichwani mwishoni, mtu akishadhoofu. Hapana. Kuna utafiti wa Thailand ulitoka 2012, walichukua watu walioambukizwa muda mfupi sana uliopita wakawapima maji ya uti wa mgongo, na virusi vikakutwa mapema hadi siku 8 hivi tangu maambukizi. Siku nane! Hapo wengi hata homa ya mwanzo hawajaipata na kipimo cha kawaida cha kidole kinaweza kusema huna kitu.

Vinaingiaje sasa, wakati ubongo una ulinzi wake? Mishipa ya damu ya kichwani imezungukwa na seli zilizobanana kwelikweli, kazi yake kuchuja kipi kipite kipi kibaki nje, na kirusi kikija peke yake kinapata tabu pale. Kwa hiyo kinadandia. Kuna seli nyeupe za damu, hasa zile zinaitwa monosaiti, ambazo zina ruhusa ya kuingia ubongoni kufanya doria, sasa zikiwa tayari zimeambukizwa zinaingia nacho, kama mtu aliyedandia lori kwa nyuma na dereva hana habari. Ndani huko zinageuka kuwa seli walinzi, zinatoa virusi, na virusi vinahamia kwa wenyeji.

Wenyeji wenyewe ni mikroglia, walinzi wa kudumu wa ubongo. Hizi ndizo zina mlango ambao VVU vinautafuta, yaani protini za juu ya seli, ile CD4 na mwenzake CCR5. CD4 yao ni chache ukilinganisha na seli za damu ila virusi vya ubongoni vimezoea, vinaingia hivyohivyo. Nyuroni, yaani zile seli za fahamu zinazobeba kumbukumbu na mawazo, hazina mlango huo, na VVU havifanyi makazi humo. Nilipolielewa hili nilipumua kidogo, maana kichwani nilikuwa na picha ya virusi vinatafuna kumbukumbu zangu moja baada ya nyingine. Kuna nyingine zinaitwa astrosaiti, hizo wataalamu bado wanabishana zinaambukizwa kwa kiasi gani, tuziache.

Kirusi kikishaingia kwenye mikroglia kinajigeuza kuwa DNA na kujipachika ndani ya DNA ya seli yenyewe. Kikishajipachika kinaweza kunyamaza kimya, hakitengenezi chochote, na hapo ARV haina cha kukishika, kwa sababu dawa zetu zinazuia hatua za kirusi kinachofanya kazi, kama kuingia kwenye seli mpya, kujinakili, kujipachika, kukomaa. Kilicholala tayari ndani ya vinasaba dawa inakipita tu. Halafu angalia tofauti ya hizi seli: seli nyeupe ya damu yenye huo mlango wa CD4 ikiambukizwa na kuanza kuzalisha virusi kwa kawaida inakufa ndani ya siku moja au mbili, wakati mikroglia inaishi wastani wa miaka 4 hivi na baadhi zinavuka miaka 20, na zikigawanyika zinaweza kurithishana kile kipande cha kirusi. Ndo maana inakuwa ghala.

Na hii sio nadharia tu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina kule Marekani walitoa matokeo yao, walichukua mikroglia kutoka kwenye ubongo wa watu waliofariki wakiwa kwenye ARV na virusi vikiwa vimefubazwa vizuri, wakaziamsha maabara, na kwa baadhi yao vikatoka virusi vizima vinavyoweza kuambukiza seli nyingine. Watu hao walikuwa kwenye mpango wa California unaoitwa Last Gift, ambapo mtu mwenye VVU anayekaribia mwisho wa maisha kwa ugonjwa mwingine anakubali mwili wake utumike kwa utafiti ndani ya saa chache baada ya kufariki. Mimi kila nikisoma mambo ya tiba huwa nawakumbuka hao watu.

Sasa nyuroni zinaumiaje kama haziambukizwi? Zinaumia kwa majirani. Seli zilizoambukizwa zinamwaga protini za kirusi, zile Tat na gp120, pamoja na kemikali za uchochezi, zile zinazofanya mwili uwake na kuvimba, na seli za pembeni hata ambazo hazijaambukizwa nazo zinawaka, basi nyuroni inakaa kwenye mazingira ya moto mdogomdogo usiozima, miunganiko yake inapungua. Kabla ya 1996, kabla dawa za mchanganyiko hazijaja, hali hii ilikuwa inafikia kwenye kichaa cha ukimwi kabisa, mtu hawezi kujivalisha nguo. Siku hizi kwa wanaotumia dawa hilo limekuwa nadra. Kinachoonekana zaidi ni hali nyepesi nyepesi: kusahau, kufikiri taratibu, kushindwa kushika mambo mawili kwa wakati mmoja, mikono kuwa mizito kwenye kazi ndogondogo.

Haya, kwa hiyo mtu unafanyaje.

La kwanza usiache dawa. Najua kuna atakayesoma hapo juu aseme si umesema dawa haivigusi vilivyolala, naiacha basi. Dawa ndiyo inayozuia vikiamka visienee kwenye seli mpya, na ukiacha kwa wengi virusi vinarudi kwenye damu ndani ya wiki mbili tatu, na huko kichwani moto unapanda upya. Ghala kuwepo ndiyo sababu hasa ya kumeza kila siku. Na vikiendelea kutoonekana kwenye damu humwambukizi mwenzako kwa kujamiiana, hilo halibadiliki hata kama kuna vilivyolala ubongoni.

La pili, ukianza kusahau usijitibu kwa woga wala usinyamaze. Mimi nilimwambia nesi, nikaenda na mdogo wangu ninayeishi naye, na hili nalisisitiza, nenda na mtu anayekuona kila siku, sababu wewe mwenyewe unaweza usione au ukaona zaidi ya ilivyo. Pia andika mifano kabla ya kwenda. "Nasahau sana" haimsaidii daktari, ila "nimeacha jiko linawaka nikatoka, nimemeza dawa mara mbili kwa sababu sikukumbuka kama nimemeza" hiyo ina kazi.

Wanaweza kukufanyia kajaribio kafupi kalikotengenezwa mwaka 2005 na kujaribiwa Uganda na Marekani, unapewa maneno manne uyakumbuke baadaye, unafungua na kufumba vidole haraka kwa sekunde 5, halafu unafuata mpangilio wa mkono: ngumi, kiganja chini, ubavu wa mkono. Alama ni 12, ukipata 10 kushuka chini unahitaji uchunguzi zaidi. Kanakamata matatizo makubwa zaidi kuliko madogo, kwa hiyo ukipita na bado unaona haupo sawa endelea kusema.

Halafu dai waangalie mengine, maana hapa ndo wengi tunapotea, ukishakuwa na VVU kila kitu kinasingiziwa VVU. Presha, sukari, tezi ya shingo (thairoidi), upungufu wa vitamini B12, kaswende, pombe, usingizi mbovu, sonona, vyote hivi vinaharibu kumbukumbu na vingi vinatibika. Dawa zenyewe pia. Tuliopitia efavirenz tunazijua zile ndoto na kizunguzungu, na dolutegravir inawanyima baadhi ya watu usingizi, ukiwa hivyo uliza kuhusu kuimeza asubuhi. Kwa upande wangu virusi vilikuwa chini, tezi nzima, na mzigo mkubwa ulikuwa sonona pamoja na kutolala. Nikatibiwa, nikapata nafuu kubwa, sio yote. Hicho kilichobaki naishi nacho kwa kuandika kila kitu kwenye simu na kuweka alamu ya dawa.

Kuna wachache ambao damu inasema safi lakini kwenye maji ya uti wa mgongo virusi vinaonekana na vinazaliana, mara nyingine ni aina iliyoshakuwa sugu kwa dawa moja au mbili anazotumia. Hao dalili zinakuja kwa uzito, kichwa, mwendo kuyumba, mikono kutetemeka, kuchanganyikiwa, na kubadilishiwa dawa kufuatana na vipimo huwa kunawasaidia sana. Kupimwa maji ya mgongo sio kwa kila anayesahau funguo, ila daktari akikushauri usikimbie, zile stori za kupooza zinawatisha watu bure, madhara ya kawaida ni maumivu ya kichwa ya siku chache.

Na mtu akikuuzia kitu cha "kusafisha virusi kwenye ubongo" mwache na chupa yake. Watafiti wenyewe wanaojaribu kuamsha virusi vilivyolala ili viuawe wanaenda kwa tahadhari sana wakifikiria ubongo, maana ukiviamsha vyote kwa pamoja humo ndani huo uchochezi unaweza kuumiza kuliko virusi vilivyokuwa vimelala.

Lakini homa kali na shingo kukakamaa, degedege, upande mmoja wa mwili kuishiwa nguvu, au kuchanganyikiwa kwa ghafla, hayo hayasubiri tarehe ya kliniki. Inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, toksoplazma (vimelea vinavyoshambulia ubongo) au kiharusi, nenda hospitali siku hiyohiyo na uwaambie dawa unazotumia, hata kama waliokusindikiza hawajui hali yako, omba kuongea na daktari peke yenu.