Ukipata glukosi nyingi kwenye ute wa algi, usishangilie kwanza

Bwawa la perege la mjomba, huku Mtama, hushika kijani kila kiangazi. Chota zile nyuzi za kijani, ndizo algi, uzifikiche: zinateleza kama mlenda. Ute huo ndio niliobeba kwenda maabara nikiwa mwanafunzi, nijue umejengwa na sukari gani.

Majibu yakaja: glukosi tele. Nikaandika kurasa tatu kwa mbwembwe. Msimamizi akazisoma, akauliza, "Ulitia ayodini?" Nikadondoshea tone moja, sampuli ikawa buluu ya kuelekea weusi. Wanga! Nao ni glukosi tupu. Nilikuwa nimegandisha maji ya bwawa na algi zake humo humo, seli zikapasuka, kisha nikachuja kwa kitambaa. Nilipima akiba ya ndani ya seli nikidhani ni kile zilichotoa nje.

Kwa hiyo tenga seli siku ileile, friza baadaye. Tia ayodini kabla ya kutumia senti yako kwenye kipimo chochote kikubwa.

Karatasi ya kuchujia nayo ni msaliti. Ni selulosi, na selulosi ni glukosi tupu. Kipimo cha fenoli na asidi ya salfuriki, kile cha rangi ya chungwa kinachosomwa kwenye nanomita 490, hakiulizi sukari imetoka wapi. Unyuzi mmoja wa pamba unatosha kukudanganya. Pitisha maji yaliyokenekwa njia ileile, uyapime pia. (Na asidi hiyo haina mchezo. Vaa glavu na miwani.)

Kuutoa ute kwenye maji, mimi humimina spiriti ya asilimia 95, vipimo vitatu kwa kimoja cha maji. Unajikusanya kama mawingu. Nipa, ile gongo ya mabibo, usijaribu, utaharibu vyote viwili.

Niliporudia kazi, glukosi ikashuka. Galaktosi na arabinosi zikaongoza, nyuma yake ramnosi, zailosi na asidi za uroni, yaani sukari zilizogeuka asidi. Hizo asidi nazipenda: zina chaji hasi, zinashika kalsiamu na metali nyingine majini. Ukipima sukari za kawaida peke yake, zitakupita.

Halafu kuna umri wa maji. Nitrojeni ikiisha, algi haiwezi kujenga protini za kutosha, lakini kwa nguvu ya jua bado inanasa kaboni. Sehemu ya ziada inatoka kama ute. Ndiyo maana kila chupa yangu ina tarehe mbili: ya kuchota, na ya mjomba kumwaga mbolea ya kuku, inayorudisha nitrojeni.