Jibu: Mkubwa anampiga mdogo wake

Pole dada. Umesema wa miaka 3 anampiga kichanga kila ukianza kunyonyesha. Tafadhali usimchape, ataona mdogo ndiye kamletea fimbo. Wivu wa umri huo ni wa kawaida kabisa. Ukikaa kunyonyesha, mweke ubavuni, ashike kanga, akuletee nepi, au umsimulie ya sungura na fisi. Jioni baba akirudi, hata kama foleni ya Mbagala imemchosha, ampokee kichanga, wewe umwogeshe mkubwa taratibu, mkiwa wawili tu. Hapo ndipo mtoto hutulia. Ila usiwaache peke yao hata ukienda jikoni mara moja, maana hajui nguvu zake. Na wageni wanaokuja kumwona mtoto, waombe wamsalimie mkubwa kwanza.