Uliza Babu wa Nyuzi: Uzi wa tano unakatika

*Babu, shikamoo. Fundi wa hapa Urambo kanitengenezea banjo: sufuria iliyokatwa kitako, juu yake ngozi ya mbuzi. Tatizo ni uzi wa tano, ule wenye sauti nyembamba kuliko zote. Kila nikiukaza unakatika. Halafu jamaa yangu anasema kuna Mzungu bingwa wa banjo aliyekuja Tanzania kutafuta asili ya chombo hicho, maana watumwa waliopitishwa Tabora kwenda Bagamoyo ndio waliokipeleka Marekani. Ni kweli?*
*Msomaji, Urambo, Tabora*

Marahaba, mjukuu wangu. Jamaa yako kapatia nusu.

Mzungu huyo ni Béla Fleck, na kuja alikuja, mwaka 2005. Lakini mimi nakuandikia kutoka Ujiji, ambako misafara hiyo ilianzia, na hadithi za waliofungwa minyororo tumekua nazo. Wengi wa waliofika pwani wakiwa hai waliishia mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, wengine wakavushwa Arabuni. Waliobeba kumbukumbu ya banjo walitoka upande wa pili wa bara. Wajola wa Gambia na Senegali mpaka leo wanapiga akonting: kibuyu kilichowambwa ngozi, mpini mrefu, nyuzi tatu, na mmoja wa hizo ni mfupi, wa kidole gumba. Huo uzi mfupi uweke akilini, nitaurudia.

Fleck alilijua hilo, ndiyo maana safari yake ilifika Gambia na Mali pia. Kwetu alifuata wapigaji. Alikaa na Anania Ngoliga, mwimbaji asiyeona, wakapiga pamoja, banjo na ilimba, ile ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Albamu iliyotokana na safari ile aliipa jina kwa maana ya Bagamoyo, yaani bwaga moyo, na mwaka 2010 ikapata tuzo ya Grammy.

Sasa ukisikia Grammy usidhani alizaliwa na banjo kitandani. Kazaliwa New York mwaka 1958, mjini kabisa, wakati banjo ya bluegrass ni muziki wa watu wa milimani huko kusini mwa Marekani. Jina la Béla alipewa kwa heshima ya Bartók, mtunzi wa Hungaria. Akiwa mtoto alimsikia Earl Scruggs kwenye muziki wa kipindi cha televisheni, basi, akashikwa. Scruggs, mtoto wa shamba wa North Carolina, ndiye aliyeufanya mtindo wa vidole vitatu usikike Marekani nzima, tangu alipoingia bendi ya Bill Monroe mwaka 1945: gumba, cha shahada na cha kati vinazunguka bila kupumzika, kila kimoja na kucha yake ya kuvaa. Ukisikiliza utaapa wako wawili.

Béla alisubiri mpaka miaka 15 ndipo babu yake akampa banjo. (Mababu tuna kazi zetu.) Shule ya muziki aliyokwenda haikufundisha banjo, wakampa tarumbeta ya kizungu ya kujiviringa, banjo akaitafutia walimu nje. Mwaka 1981 akaingia bendi ya New Grass Revival, na 1988 akaunda bendi yake, Flecktones, akalipeleka banjo kwenye jazi, ambako wengi hawakulitarajia.

Turudi kwenye sufuria. Naona kosa kabla hata sijaishika: fundi wako kaufunga uzi wa tano kichwani pamoja na wenzake. Kwa urefu ule, sauti unayoitaka haupandi, unakufa njiani. Pima kutoka daraja, kile kijiti kinachoinua nyuzi juu ya ngozi, mpaka kichwani, gawa kwa nne, robo ya juu iache. Hapo ubavuni mwa shingo toboa, weka kigingi, na uzi wa tano uanzie hapo, mfupi kama wa Wajola. Unene uwe sawa na uzi wa kwanza. Kama dukani hakuna, chomoa unywele mmoja wa waya wa breki ya baiskeli.

Kuusawazisha: bonyeza uzi wa kwanza usawa wa kigingi, upige, halafu piga wa tano ukiwa wazi. Zikitoa sauti moja, acha hapo hapo. Na unapokaza, uso uweke kando. Mimi kovu la nyusi ninalo.

Halafu hiyo sufuria, mwenyewe anajua?