Maswali yenu kuhusu pesi: dakika ngapi kwa kilomita?

Vikundi vya jogingi hapa Kigoma vinajiandaa na mbio za kilomita 21, na maswali yaliyonifikia karibu yote ni ya hesabu. Nimechagua matano. La pili nimelipa nafasi kubwa kwa sababu ndilo linaloumiza watu wengi.

Shikamoo kocha. Wenzangu wanasema wanakimbia "pesi sita", lakini simu yangu inaniandikia kilomita 9.5 kwa saa. Nani yuko sahihi? (Dada wa Mwanga)

Marahaba, dada. Wote mko sahihi. Pesi ni muda unaotumia kumaliza kilomita moja. Gari tunalipima kwa kilomita kwa saa, ila mkimbiaji njiani anachokiona ni saa ya mkononi na bango la kilomita, kwa hiyo dakika kwa kilomita ndizo zinazomfaa. Gawanya 60 kwa 9.5, utapata 6.32. Hapa wengi huteleza: hiyo si dakika 6 na sekunde 32. Ile 0.32 izidishe kwa 60, utapata sekunde 19. Pesi yako ni 6:19. Na ujue namba ikipungua, mwendo umeongezeka.

Kocha, nimekimbia kilomita 10 kwa dakika 58 na sekunde 20. Nikishika mwendo huohuo, nusu marathoni nitaimaliza kwa saa 2 na dakika 3, sivyo? (Kijana wa Ujiji)

Hesabu umeipiga vizuri, mdogo wangu. Tuiandike ili na wengine waione: 58 mara 60 ni 3,480, jumlisha zile 20, jumla sekunde 3,500. Gawanya kwa 10 ni sekunde 350, yaani 5:50 kwa kilomita. Zidisha kwa 21.0975, ambao ndio urefu kamili wa nusu marathoni, unapata saa 2, dakika 3 na sekunde 4. Karatasi imekubali, miguu haitakubali.

Mwendo wa kilomita 10 haushikiki kwenye umbali uliozidi mara mbili. Mhandisi mmoja wa Marekani, Pete Riegel, alitoa kanuni inayotumika mpaka leo: umbali ukiwa mara mbili, muda unakuwa kama mara 2.085. Kwa kanuni hiyo wewe unaelekea 2:08:42, pesi 6:06. Na hapo tunachukulia kwamba umeshafanya mazoezi ya umbali huo. Kama hujawahi kuvuka kilomita 12 mazoezini, jiongezee dakika kadhaa.

Sekunde 16 kwa kilomita utaziona ni kitu kidogo. Nimesimama mara nyingi kilomita ya 16 nikigawa maji. Aliyeanza kwa pupa anafika mikono kiunoni, chumvi imeganda kwenye paji la uso, nafungua kizibo cha chupa kwa niaba yake kwa sababu vidole vyake vinatetemeka. Aliyeanza taratibu ananipokonya chupa akiwa bado anakimbia. Ninaumia kumwona yule wa kwanza, maana mara nyingi ndiye mwenye kipaji zaidi.

Kwa hiyo fanya hivi. Kilomita 3 za kwanza kimbia 6:15. Utapitwa na watu unaowajua, waache waende. Hapo umepoteza sekunde 27 tu. Kisha shika 6:06 hadi kilomita ya 16. Zile 27 utazirudisha kwenye kilomita 5 za mwisho, huku unawapita walewale.

Sina simu janja wala saa ya setilaiti. Kilomita nitaijuaje? (Mkulima wa Mwandiga)

Baiskeli yako inatosha, mzee wangu. Usione ni njia ya kimaskini: hata njia za mbio zinazotambuliwa kimataifa hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabu kwenye gurudumu la mbele. Jaza upepo, chora alama ya chaki kwenye tairi pale linapogusa ardhi, kaa juu yake, usukumwe polepole mpaka alama irudi chini. Pima umbali huo kwa futi kamba. Baiskeli kubwa hutoa karibu mita 2.2, kwa hiyo kilomita ni mizunguko 455. Funga kipande cha plastiki ngumu kwenye spoku kigonge uma kila mzunguko, tak, tak. Kila ukifika 50, hamisha punje moja ya mahindi kutoka mfuko huu kwenda ule. Punje 9 na milio 5, simama, paka rangi kwenye jiwe.

Na usizunguke uwanja wa mpira ukidhani ni mita 400. Uwanja wa mita 105 kwa 68, ukifuata mstari wa chokaa, ni mita 346.

Nikipanda kutoka stesheni kwenda Mwanga, pesi yangu inaharibika hadi 7:30. Nikaze? (Bodaboda wa Katubuka)

Usikaze. Mlimani fuata pumzi, achana na namba: uheme kama ulivyokuwa ukihema tambarare. Sekunde unazoacha kwenye kilima hazirudi zote kwenye mteremko, lakini ukizipigania utalipa zaidi mbele. Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo, Septemba 2025, kwa 2:09:48, wastani wa karibu 3:05 kwa kilomita. Amanal Petros wa Ujerumani aliandikiwa muda uleule. Simbu alimpata mita za mwisho kabisa, kwa sababu alikuwa amebakiza miguu. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Saa yangu ilisoma kilomita 21.3, waandaaji wanasema 21.1. Wametuongezea njia? (Msomaji wa Tabora)

Si lazima. Njia hupimwa kwenye mstari mfupi kuliko yote, kona zikikatwa kwa ndani. Wewe ulipanua kona, ukavuka barabara kufuata maji na kivuli cha miembe, na saa yenyewe hukosea kidogo. Ukitaka 6:06 ya kweli, saa isome 6:02 au 6:03. Bora zaidi, zima ile kengele yake ya kilomita, ubonyeze kitufe mwenyewe kila unapopita bango.