Bunduki ya mtumba wa jeshi Marekani: uko na viza ya masomo, usimtume ndugu akununulie

Mkuu, umesema uko Ohio kwa viza ya masomo, unataka ile SKS ya Yugoslavia, bunduki ya zamani ya jeshi, na binamu yako mwenye grini kadi kakubali umpe hela akaichukue dukani kwa jina lake. Aisee nakuomba usifanye hivyo, na yeye mwambie asithubutu.

Dukani mtu anajaza fomu 4473, na humo wanauliza wazi kabisa kama wewe ndo mnunuzi halisi. Binamu akitiki ndiyo wakati hela ni yako, tayari kashavunja sheria ya shirikisho, na kwa viza yako wewe ni mtu aliyekatazwa kuwa na silaha kwa hiyo inaangukia sheria ya 2022 ya kumnunulia silaha aliyekatazwa, ambayo kifungo kinafika miaka 15. Watu wanadhani undugu unaokoa. Kuna kesi ya Abramski, jamaa alikuwa polisi zamani, alimnunulia mjomba wake bastola, mjomba mwenyewe anaruhusiwa kisheria kabisa kumiliki, na bado Mahakama ya Juu mwaka 2014 ikasema hatia iko palepale maana alijiandika yeye kuwa mnunuzi. Tena kwetu wahamiaji jela sio mwisho wake, ukishahukumiwa kwa kosa la silaha na sio raia, hiyo ni sababu ya kurudishwa kwenu hata kama una grini kadi. Binamu anaweza kupoteza maisha aliyojenga hapa Marekani kwa sababu ya bunduki yako.

Mimi nilinunua Mosin-Nagant, bunduki ya jeshi la Urusi, ya 1943 nikiwa na grini kadi, kihalali. Ilikuja imelowa grisi nzito ya kahawia, jioni mbili nafuta na vitambaa, na namba yake imeanzia na herufi za Kirusi, yule muuzaji aliigeuzageuza kwenye taa kwanza ndo akaiandika. Penye uraia kwenye fomu niliandika Tanzania na namba yangu ya uhamiaji. Hapo kuweni makini sana jamani, ukitiki Marekani kwa haraka umejidai uraia ambao huna, na hilo peke yake linaweza kukuzuia uraia siku ukiomba. Duka likauliza FBI kuhusu rekodi yangu, wakajibu subiri, nikakaa siku 3 za kazi, ikatoka.

Sasa hili neno "ya zamani" linawachanganya wengi. Kwa bunduki za aina hii, kinachohesabika antiki kwenye sheria ya shirikisho, yaani kisichohesabiwa silaha, ni kilichotengenezwa 1898 au kabla ya hapo. Iliyofikisha miaka 50 ikiwa bado kwenye hali yake ya asili inaingia kundi la wakusanyaji, na ukiwa na leseni yao, aina ya 03, dola 30 kwa miaka 3, unaweza kuagiza ikaletwa mpaka mlangoni, ila kila inayoingia na kutoka uiandike kwenye daftari. Bado ni silaha kamili, aliyekatazwa amekatazwa. Na SKS usije ukaitoa kitako cha mbao ukaweka cha plastiki na magazini ya kuchomoa, utaingia kwenye sheria ya vipuri vya nje, visizidi 10 kati ya 20 vilivyoorodheshwa, na hadhi ya ukusanyaji nayo inapotea. Iache na singe yake.

M1 Garand, bunduki za zamani za jeshi la Marekani zinazouzwa na shirika la CMP pale Camp Perry hapa Ohio, sikuzigusa mpaka nilipoapa kuwa raia, maana wanataka uthibitisho wa uraia na uwe mwanachama wa klabu. Na kama unawaza kuipakia kwenye kontena uipeleke nyumbani, futa, kutoa silaha Marekani kunataka kibali, na nyumbani nako kuna kibali chake.

Njia halali kwako ipo moja ninayoijua vizuri, leseni ya uwindaji. Mwenye viza kama yako akiwa na leseni ya uwindaji iliyotolewa Marekani na haijaisha muda, sheria inamtoa kwenye lile katazo. Hapa Ohio anayeanza anapita kozi ya uwindaji kwanza ndo apate leseni ya kawaida. Fanya kozi, kata leseni kwa jina lako, muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla hujagusa chochote, halafu nenda na vitambulisho vyako na hela yako mwenyewe ujaze fomu mwenyewe. Leseni ikiisha muda na bunduki iko chumbani kwako, katazo linarudi siku hiyohiyo, kwa hiyo tarehe ya kuisha iandike mahali unapoiona.