Shangazi, mwaka mzima hakuna aliyenibishia hodi

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29, mzaliwa wa Tanga. Mume wangu ni fundi mitambo kiwandani huku Ujerumani, na mwaka jana mwezi wa pili nilimfuata na wanetu wawili, mmoja ana miaka minne, mdogo mwaka na nusu. Tunakaa kijijini, nusu saa kwa gari kutoka Bayreuth. Jumapili basi halipiti kabisa. Tangu tuje hakuna jirani aliyebisha hodi, ila bibi wa ghorofa ya chini alibandika karatasi mlangoni siku nilipotwanga viungo vya pilau. Ilikuwa Jumapili saa saba mchana. Mkubwa nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kijerumani. Mume wangu anatoka alfajiri, anarudi hoi, nikilia anasema nitazoea. Mama anasema nirudi na watoto. Nirudi?*

Marahaba mwanangu. Kinu, Jumapili, saa saba mchana! Nimecheka kabla sijakuhurumia, unisamehe. Huko hata mashine ya kukatia majani haruhusiwi mtu kuiwasha Jumapili kwenye makazi ya watu. Bibi wa chini hakukutukana, alikuarifu, tena kwa maandishi kama walivyozoea. Kinu kipe kazi Jumamosi.

Mimi niliolewa Lushoto nikitokea Pangani. Mkoa ni huohuo mmoja, wala sikupanda ndege, lakini Juni na Julai baridi ilinifungia ndani nikiamini mawifi wananisengenya, maana wakikaa jikoni ni Kisambaa tupu. Kumbe walikuwa wanabishana bei ya viazi. (Wajerumani walipotutawala waliupenda mji ule kwa baridi yake, wakauita Wilhelmstal. Kila mtu na mapenzi yake.)

Sasa hilo la hodi. Kwetu mtu akihamia mtaani, mwenyeji ndiye anayetangulia. Utaletewa maji, utaulizwa umetoka wapi na wa ukoo gani, na kama ni Ramadhani utaona kisahani cha futari mlangoni. Vijijini Ujerumani desturi imesimama kichwa chini miguu juu: aliyehamia ndiye anayepita kwa majirani kujitambulisha. Asipopita, wanasema hawa hawapendi kusumbuliwa, basi tuwaache. Ndiyo kusema mwaka mzima wewe umekaa ndani ukisubiri hodi, na wao juu na chini wamekaa wakisubiri yako.

Wabaguzi wapo, sitakudanganya. Wa kukukodolea macho kwenye kituo cha basi muache, macho hayana sheria. Lakini mtu akikutusi wewe au mtoto, andika siku, saa na maneno aliyosema, kisha upeleke kwa mwalimu wa chekechea au kwa meya wa kijiji. Kijiji kidogo hakipendi aibu.

Mumeo nina neno naye, na hili msomee. Baba, "utazoea" si msaada. Wewe umezoea kwa sababu una kazi, una wenzako wa zamu, una gari. Mkeo ana dirisha. Atazoea nini, pazia?

Cheti cha A1, ngazi ya kwanza ya Kijerumani, ulichokitolea jasho Dar kinakusaidia kununua mkate, basi. Tena huko p wanaitamka kama b na t kama d, kwa hiyo usijione mjinga ukiwa huwaelewi. Ulizia ofisi ya uhamiaji habari za Integrationskurs, kozi ya wahamiaji: saa 600 za lugha na 100 za sheria na maisha ya nchi. Mdogo nani atamshika? Tangu Agosti 2013 sheria ya huko inampa haki ya nafasi ya kulelewa kila mtoto aliyetimiza mwaka. Haki ni kitu kimoja na nafasi ni kingine, vijijini hujaa, kwa hiyo ombi lipelekwe halmashauri wiki hii, na alipeleke baba yake. Leseni yako ya udereva ya Tanzania ilikufaa miezi sita ya kwanza tu. Sasa ni mitihani miwili, wa nadharia na wa barabarani, na gharama yake ni maelfu ya euro. Zungumzeni Kindergeld, posho ya watoto ya serikali, iingie kwenye akaunti yako. Mwaka 2025 ilikuwa euro 255 kwa mwezi kwa kila mtoto; kwa wawili, hapo pana mwanzo wa leseni.

Mtoto anayejibu Kijerumani hajakukataa. Kijerumani kina chekechea nzima nyuma yake, Kiswahili kina wewe peke yako. Usimgombeze, na usimfuate huko aliko. Yeye na ajibu atakavyo, wewe endelea na vitendawili vyako na hadithi za Sungura na Fisi. Tena umekaa karibu na hazina bila kujua: Chuo Kikuu cha Bayreuth kinafundisha Kiswahili, na kila mwaka huwakutanisha watafiti wa lugha yetu kutoka nchi nyingi. Mpeleke akawasikie Wajerumani wakihangaika na ngeli za mamake. Atarudi anaringa.

Kurudi? Likizo nenda, mama akuone. Ila kuhama usiamue Januari, jua likizama kabla ya saa kumi na moja na robo jioni. Mwezi huo hata mwenyeji wa huko hajipendi. Na kuondoka na watoto bila ridhaa ya baba yao ni kesi. Halafu jua kwamba ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita, kibali chako kwa kawaida kinakufa. Ngoja mwezi wa sita, uniandikie tena. Ukiwa bado unalia, tutapanga safari pamoja, na mumeo atakaa kwenye kikao hicho.

Jumamosi hii kaanga mahamri, yale ya iliki nyingi. Mfungie kumi bibi wa chini, mchukue mkubwa mkono, mshuke. Umechelewa mwaka mmoja, si kitu. Mwache mtoto aseme, maana Kijerumani chake kimekuzidi. Bibi akiuliza kinachonukia ni nini, mwambie "Kardamom". Anaijua, huitia kwenye biskuti za Krismasi.