Pointa tupu kwenye kerneli: anzia kwenye anwani

Ndugu, umeuliza kwa nini draiva yako (programu inayoendesha kifaa) inaiangusha kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, mara tu moduli yake inapopakiwa, huku ujumbe wa hitilafu ukitaja anwani 0000000000000018. Anwani ndogo kiasi hicho kwa kawaida huonyesha kwamba pointa (kigezo kinachohifadhi anwani ya kumbukumbu) ya muundo wa data ni tupu, yaani haielekezi popote, na kwamba programu ilikuwa ikigusa sehemu iliyo baiti 24 (18 kwa hesabu ya msingi wa 16) kutoka mwanzo wa muundo huo. Chukua jina la fanksheni pamoja na ofseti yake (jina+0x...) vilivyo kwenye mstari wa RIP, unaoonyesha agizo lililokuwa likitekelezwa, uvipitishe kwenye faddr2line, skripti ya kerneli, upate mstari wenyewe wa msimbo. Tafadhali usikimbilie kuweka sharti la kukagua pointa hapo, kwani litaficha chanzo. Angalia kwanza kama request_irq, fanksheni inayosajili kishughulikia katizo (ishara kutoka kwa kifaa), inaitwa kabla data ya draiva haijaandaliwa, maana katizo linaweza kufika papo hapo.